Kabla mpira haujafika mkononi: kwa mwalimu mpya wa jimu hapa Goma

Mwalimu mwenzangu uliyekabidhiwa saa ya jimu, yaani somo la mazoezi ya mwili, kwa mara ya kwanza, nakuandikia kuhusu uratibu wa mwili: macho, miguu na mikono kufanya kazi pamoja. Swali la watoto nalijua: "Mwalimu, mpira uko wapi?" Na mimi niliulizwa hivyo hivyo siku yangu ya kwanza, nikauleta. Ulikuwa mpira namba 5, ule wa wakubwa, wenye mzunguko wa sentimeta 68 hadi 70 na uzito unaopita gramu 400. Niliwapanga watoto wa darasa la pili mstari mmoja, 58 kwa hesabu, kila mmoja apige kisha arudi nyuma.

Fanya hesabu pamoja nami. Somo ni dakika 45. Toa za kuita majina, za kutoka na za kurudi darasani, zinabaki kama 30, yaani sekunde 1,800. Zigawe kwa watoto 58, kila mtoto anapata sekunde 31, na nyingi kati ya hizo anazimaliza akiukimbiza mpira uliopotelea kwa jirani. Muhula mzima nilifundisha hivyo. Waliojua mpira mwezi wa tisa ndio waliojua mwezi wa kumi na mbili, na waliouogopa walizidi kuuogopa. Tangu shule za msingi za serikali zilipoanza kuwa bure hapa Kongo mwaka 2019 madarasa yamejaa, basi huenda hesabu yako ikawa nzito kuliko yangu.

Kilichonibadilisha ni mtoto mmoja wa kike. Kila nikimrushia mpira alifanya mambo matatu kwa mpigo: kichwa kinageukia kushoto, macho yanafumba, mikono inanyooka mbele kama mbao mbili. Mpira unapita katikati ya hizo mbao na kumgonga kifuani. Nilikuwa namwambia, "Fungua macho! Tazama mpira!" Nilisema hivyo wiki hata wiki. Siku moja nikachuchumaa karibu naye, mwenzake akarusha, nikamtazama usoni badala ya kutazama mikono. Kope zilijifunga kabla hata mpira haujafika nusu ya njia. Hakuwa mkaidi. Kitu kikija usoni kwa kasi, kope hujifunga zenyewe, mwili unalinda jicho. Mimi nilikuwa namdai akatae kitu ambacho mwili wake umeumbwa kukifanya, tena mbele ya mpira mzito uliowahi kumuumiza.

Nikauweka mpira kabatini, nikaenda kwenye mitumba kununua vitambaa vyepesi, vile vya kujifunga kichwani. Kitambaa ukikirusha juu kinashuka polepole, kinayumba, kinampa mtoto muda wa kukiona na kuamua. Hakiumizi, kwa hiyo jicho halina sababu ya kujifunga. Yule mtoto alikidaka siku hiyo hiyo. Kwanza kwa mikono miwili, halafu mmoja, halafu akaanza kupiga makofi mara moja kabla ya kudaka, kisha mara mbili, bila mimi kumwagiza. (Sashe za plastiki, yaani mifuko myepesi ya dukani, nazo zinaelea vizuri na hazina gharama, ila watoto wadogo hupenda kujivika kichwani. Ukizitumia, zikunje na uzifunge fundo imara katikati.)

Baada ya kitambaa inakuja mifuko ya maharagwe. Fundi cherehani yeyote atakushonea kwa vipande vinavyobaki mezani kwake. Ukubwa wa kiganja cha mtu mzima unatosha, na usijaze hadi ukakaza: ulegee ili ukianguka mkononi utulie. Kwa uwanja wetu hakuna kifaa bora kuliko huu. Unajua ardhi ya Goma ilivyo, mawe ya volkano kila upande, na zile sehemu ambazo lava ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji ndizo ngumu zaidi. Mpira ukidundishwa hapo unakwenda unakotaka wenyewe. Mtoto anayejifunza kudaka anahitaji kwanza kuweza kukisia kitu kitafika wapi, na mpira unaogonga jiwe hauwezi kukisiwa na mtu yeyote. Mfuko wa maharagwe haudundi wala hauviringiki, unabaki ulipoanguka. Kwa hiyo kwa watoto wadogo anza na kurusha na kudaka hewani, kudundisha kuje baadaye.

Rangi nayo iangalie. Niliwahi kutengeneza mipira 30 ya soksi nyeusi, nikaisokota vitambaa ndani kwa bidii, na kwenye ardhi nyeusi ikawa haionekani kabisa. Chagua njano au nyeupe. Mistari na maduara chora kwa majivu ya mbabula (jiko la makaa), waombe watoto walete kidogo kidogo kutoka nyumbani. Juu ya mawe yetu majivu yanaonekana wazi kuliko chaki.

Na kabla ya yote okoteni mawe yenye ncha. Nilikuwa naona kazi hiyo inanila dakika tano, siku hizi ndiyo sehemu ya kwanza ya somo. Mtoto anaokota kwa mkono wa kulia, anakwenda kuweka kwenye ndoo huku anaruka kwa mguu mmoja. Raundi ya pili anaokota kwa kushoto. Kuweka, si kurusha: hilo la mawe uwe mkali nalo.

Sasa nikueleze kwa nini naing'ang'ania hii habari ya uratibu wa mwili, maana utakutana na wenzako watakaokwambia jimu ni kuwapa watoto mpira na filimbi. Kudaka mpira ni kazi ya macho, miguu na mikono kwa pamoja. Jicho linakisia mpira utafika wapi na lini, miguu inaupeleka mwili pale, mwili unajizuia usianguke, mikono inafunguka kwa wakati na kulegea ili mpira usidunde ukatoka. Kimoja kikikosa, chote kimekosa. Sisi tunaona mikono tu, tunairekebisha mikono, kumbe tatizo la mtoto liko miguuni: anasimama kama mti na kungoja mpira umfuate.

Utamwona pia anayeganda mwili mzima. Usimkemee. Miaka ya 1920 huko Moscow, Nikolai Bernstein, mwanasayansi aliyechunguza mwendo wa mwili, aliwapiga picha mafundi wazoefu wakigonga patasi kwa nyundo. Aliona nyundo inafika palepale kila mara, ingawa bega, kiwiko na kifundo cha mkono havikurudia njia ileile. Fundi hakukariri mwendo mmoja, alijua kuusawazisha kila mara. Anayeanza hufanya kinyume: anavikaza viungo vyake ili ajipunguzie kazi ya kuviongoza. Kuganda ni ngazi ya kwanza, naye atailegeza mwenyewe ukimpa kazi rahisi yenye mabadiliko madogo madogo. Leo mfuko, kesho soksi. Leo hatua mbili, kesho nne. Leo amesimama, kesho amepiga goti moja. Kurusha mara hamsini kwa namna ileile kunamfundisha namna hiyo moja.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni la maduara matatu ya majivu, umbali wa hatua mbili, nne na sita. Mtoto ana mfuko mmoja. Unataja duara bila mpangilio, anarusha. Wiki mbili za kwanza mfuko wa hatua mbili unapita hadi ya sita, maana mtoto mdogo ana nguvu ya aina moja tu, yote. Polepole anaanza kuipima. Wakizoea, mwambie arushe, afumbe macho mara tu mfuko unapotoka mkononi, ataje umeanguka duara la ngapi, halafu afungue aone. Utashangaa uwanja unavyotulia. Anausikiliza mkono wake mwenyewe, na huo usikivu ndio utakaompa pasi nzuri miaka mitano baadaye.

Usawa wa mwili usidhani unauanza wewe. Mtoto wa Goma anayepanda na bidoni ya maji mgongoni kutoka ziwani, akikanyaga mawe yanayocheza chini ya kandambili, ana miguu yenye akili nyingi. Kazi yako ni kuunganisha usawa huo na kitu mkononi: asimame mguu mmoja arushiane mfuko na mwenzake, wabadilishane mguu kila baada ya mara tano.

Mdundo vilevile. Kaa pembeni wakati wa rekre utazame wasichana wakicheza nzango. Wanaimba, wanapiga makofi, wanaruka, na kwa kufumba na kufumbua kila mmoja ametoa mguu, pointi inaamuliwa na mguu uliokutana na wa mwenzake. Hapo kuna mdundo, wepesi wa kuitikia na uamuzi, vyote kwa mara moja. Halafu ikifika saa ya jimu tunawaambia hao hao wakae pembeni wavulana wacheze. Naomba sana usifanye hivyo. Nilipoanza kufundisha kudundisha mpira kwa wimbo wa nzango, mkono ukidundisha pale makofi yalipo, wasichana waliwatangulia wavulana wengi, na yule wa kope alikuwa miongoni mwao.

Mpira wenyewe nikauleta mwishoni, wa plastiki mwepesi kwanza, baadaye namba 3. Namba 5 waachie wakubwa.

Kwa kupima, chagua ukuta wa matofali au mbao, si ule wa mawe. Mtoto anasimama mita mbili, anarusha kwa mkono mmoja, anadaka kwa mwingine, sekunde 30, unahesabu alizodaka. Andika kwenye daftari na umlinganishe na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita. Matokeo usiyasome mbele ya darasa. Ukuta wa mawe ya volkano uhifadhi kwa darasa la tano na la sita: hapo mpira unarudi kila pembe, na kwa mtoto ambaye macho yake na miguu yake vimeshaelewana hilo ni zoezi zuri la kuitikia haraka.

Daftari langu la mwaka ule bado ninalo. Mstari wa yule mtoto unasomeka 0 Oktoba, 2 Desemba, 5 Februari. Aprili alidaka 11, ila sikuwahi kuandika papo hapo kwa sababu alinishika mkono wenye kalamu. "Mwalimu, ngoja, nirudie."