Gramu 100 za Vinesh Phogat, msiseme alizembea

Mkuu umeuliza inakuwaje Vinesh Phogat, mwanamieleka wa kike wa India, anafika fainali ya Olimpiki halafu anazidi uzito kwa gramu 100 na kuondolewa, na wadau wawili wameshajibu kwamba ni uzembe. Mimi nimecheza ngumi za ridhaa miaka sita, kilo 57, naomba niseme ninachokijua.

Kuna siku usiku wa kuamkia kupima uzito nilikuwa na 58 na nusu. Nikavaa nailoni, juu yake masweta mawili, nikaruka kamba mpaka saa nane usiku, natema mate kwenye chupa, maji hata funda moja sijagusa. Mwanzoni uzito unashuka vizuri tu, shida ni zile gramu za mwisho, jasho linakata kabisa, ngozi kavu, unatetemeka na mzani umegoma. Asubuhi nikasoma 57.2, nikarudi nyumbani. Na hapo sikuwa nimepigana na mtu!

Sasa yeye, Agosti 6, 2024 pale Paris alipima asubuhi uzito wa kilo 50 akapita, akapigana mara tatu siku hiyo hiyo na zote akashinda. Lazima ale kidogo na kunywa maji, bila hivyo anaanguka ulingoni. Jioni akawa amezidi kama kilo 2.7. Usiku kucha akakimbia, akaingia sauna, hakula hakunywa, mpaka nywele wakamkata, na bado zikabaki gramu 100. Mieleka ya siku hizi inachezwa siku mbili na asubuhi ya pili mnapima tena, huo ndio mtego wenyewe.

Halafu angalia safari yake. Mtoto wa kijiji cha Balali, Haryana, baba aliuawa yeye akiwa mdogo, akafundishwa na baba yake mkubwa Mahavir Phogat pamoja na binti zake, kina Geeta na Babita. Dhahabu ya Jumuiya ya Madola 2014 alichukua kwa kilo 48, 2018 kilo 50, 2022 kilo 53, yaani mwili unakua mwaka hadi mwaka. Olimpiki ya Rio 2016 akatolewa kwa machela, goti liliumia. 2023 alikaa barabarani Delhi na wanamieleka wenzake Sakshi Malik na Bajrang Punia wakidai wasichana walindwe dhidi ya unyanyasaji kwenye mieleka, mwaka huo huo akafanyiwa upasuaji wa goti, na nafasi ya India ya kilo 53 kwenda Paris ikapatikana kupitia mwanamieleka mwingine, Antim Panghal. Ndio maana akarudi kilo 50, karibu anatimiza miaka 30. Mimi kwenye miaka hiyo nisingeweza hata kuwaza kushuka!

Kuhusu medali ya fedha aliyoidai, sheria inasema ukishindwa upimaji wa pili unawekwa wa mwisho kabisa, na ushindi wote wa jana hauhesabiki. Akakata rufaa mahakama ya michezo, Agosti 14 ikatupwa. Kwa maoni yangu fedha alistahili, maana zile mechi tatu alizicheza akiwa ndani ya uzito halali.

Kama hujaiona ile mechi yake ya kwanza pale Paris na Yui Susaki itafute leo mkuu. Mjapani alikuwa hajapoteza pambano la kimataifa hata moja kati ya 82, anaongoza 2-0, zimebaki sekunde chache tu, Vinesh anaingia miguuni anamwangusha, anashinda 3-2.