Maswali Yenu ya Nyumba: Dari ya Kukanyaga

Wahariri, salaam. Dukani nimeonyeshwa zulia jembamba la pamba, la mistari. Muuzaji anasema ni "dari" ya India iliyofumwa kwa mkono, na bei ni mara tatu ya zulia la manyoya lililo pembeni. Mimi dari ninayoijua iko juu ya kichwa. Nitajuaje kama sidanganywi?
*Msomaji, Shangani, Mtwara*

Jina ni la kweli, ndugu yetu. Ndivyo Wahindi wanavyoliita zulia bapa la pamba, lisilo na manyoya. Linafumwa Panipat, Mirzapur, kijiji cha Salawas karibu na Jodhpur, na Navalgund kule Karnataka, ambako wafumaji ni wanawake. Katika karne ya 19 wafungwa nao walilifuma magerezani.

Anza kwa kuligeuza. Zulia hili ni nyuzi za aina mbili tu: mtande, unaovutwa kwa urefu, na mshindio, unaopitishwa kwa upana kisha kugongwa kwa panja, kitana cha chuma chenye meno kama kucha, mpaka mtande ufunikwe wote. Gundi haipo, wala kitambaa cha kubandika mgongoni. Basi nakshi na rangi lazima zifanane pande zote mbili. Nyuma kukiwa kumefifia, hiyo imepigwa chapa.

Vuta matamvua taratibu. Ya kweli ni ncha za mtande wenyewe. Yaliyoshonewa ukingoni ni pambo. Kisha tazama rangi mbili zinapokutana kwa mstari wa wima: mfumaji huacha mwanya mwembamba, au huzipitisha nyuzi za rangi moja ndani ya nyingine. Mwanya huo usikutishe, si kazi ya panya. Pima upana sehemu tatu. Tofauti ya sentimita moja au mbili ni ya mkono wa mtu; ikifika tano, nyuzi hazikuvutwa sawasawa na zulia litajikunja sakafuni daima.

Kabla ya kulipa, sugua sehemu nyekundu na ya buluu kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kikitoka na rangi nyingi, liache hapohapo.

Bei ya mara tatu ibishanie, ila kwa nyumba za pwani tungelichagua hili. Halihifadhi joto, na mchanga hauna manyoya ya kujifichia: ukilikung'uta uani, umemaliza. Upande mmoja ukichakaa, unageuza.

Langu nililifua kwa maji ya kisima, likakauka vizuri juani. Lakini kila jioni nalikuta kama limelowa, na chini limeota madoa meusi. Kulikoni?
*Mama wa nyumba, Mikindani*

Mama, hapo yapo mambo mawili. La kwanza ni chumvi. Visima vingi vya ufukweni vina maji ya chumvi. Maji yanakauka, chumvi inabaki ndani ya pamba, na jioni hewa ikiwa nzito chumvi hiyo inavuta unyevu. Hata ulianike siku tatu, litarudi vilevile. Lisuuze upya kwa maji yasiyo na chumvi, ya mvua au ya bomba, mara tatu au nne. Chukua vijiko viwili vya maji ya suuzo la mwisho, vikaushe kwenye kikaango safi. Vikiacha weupe mwingi, suuza tena.

Usilitundike kwenye waya mmoja. Pamba iliyolowa ni nzito, inavuta mtande, na zulia la pembe nne linatoka limepinda mshazari. Litandaze kivulini juu ya mkeka safi au kamba tatu nne zilizo sambamba, uligeuze baada ya saa chache. Maji ya moto usiyaguse: yatalifanya linywee na kutoa rangi.

Madoa meusi ni ukungu, na huenda unyevu unatoka chini. Bandika kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita sakafuni kwa utepe wa gundi, kingo zote, ukiache siku nzima. Ukikuta matone chini yake, saruji inapitisha maji. Zulia lisikae hapo moja kwa moja, hasa Desemba hadi Aprili. Liinue kila asubuhi. Ukungu wenyewe upige brashi nje likiwa kavu, kisha pitisha kikombe kimoja cha siki nyeupe katika vikombe vinne vya maji, ukijaribu kwanza pembeni. Dawa ya kung'arisha nguo inaondoa doa pamoja na rangi, na inaozesha uzi. Doa la zamani huenda lisitoke lote.

Linateleza kwenye vigae. Nilibandike kwa gundi?
*Msomaji, Lindi mjini*

Hapana, utapoteza upande mmoja. Weka wavu wa mpira chini, uukate upungue sentimita tatu kila upande usichungulie.

Niweke dawa ya nondo?
*Msomaji, Masasi*

Nondo anakula sufu, pamba haimhusu. Mchungulie mchwa, hasa penye ufa kati ya ukuta na sakafu.