Maharage ya mwezi kwa mtu mmoja

Mdogo wangu, umeuliza utapikaje mara moja ule mwezi mzima, nawe unaishi peke yako hapo Moshi. Anza na maharage. Chukua kilo 2 pale soko la Mbuyuni, loweka usiku kucha, mwaga maji yale. Kabla ya kuyatia kwenye sufuria ya umeme ya kupika polepole, yachemshe kwa nguvu dakika 10. Tafadhali hapa usifanye haraka: maharage mekundu yana sumu ambayo moto mdogo hauiondoi, utatapika. Yakiiva na kupoa, pima kikombe kimoja kimoja kwenye mifuko, ilaze bapa igande kama madaftari. Nyama ya mtori, ile supu ya ndizi, igandishe na supu yake; ndizi menya siku yenyewe. Umeme ukikatika, usifungue friza. Iliyojaa huhimili kama saa 48.