Kabla Hujakata Springi ya Bunduki ya Wenzo

Jumapili kijana mmoja wa Kibaigwa ameniandikia: "Kaka, leseni imetoka. Nimechukua fupi ya wenzo kama yako. Ni ngumu kukoki. Nikate springi ipi kwanza? Na mtutu nipunguze inchi mbili?"

Swali la springi limenichoma, kwa sababu niliwahi kuliuliza mimi, neno kwa neno, nikajibiwa na mtu asiyestahili kunijibu. Nimempigia kijana simu usiku uleule kumwambia asiguse kitu. Haya mengine nayaandika hapa ili wenzake nao wayapate.

Bunduki yangu ni ya kaliba .357 Magnum, mtutu inchi 16, yaani kama sentimita 40. Imetengenezwa Brazil kwa muundo ule wa mwaka 1892 ambao John Moses Browning aliwabunia Winchester wa Marekani. Unashusha wenzo ulio chini ya triga, ganda la risasi iliyopigwa linaruka juu. Unaupandisha, risasi mpya inaingia chemba, yaani lile tundu la nyuma ya mtutu. Niliitaka fupi kwa sababu ya Itigi. Anayevijua vile vichaka hahitaji maelezo. Ni miti myembamba iliyosukana mpaka mbwa anapita kwa kutambaa, na mimi nina mizinga ya nyuki humo na zizi la mbuzi pembeni. Bunduki ndefu humo ndani ni mzigo tu, kila hatua mtutu unanasa tawi.

Leseni niliisubiri miezi 14. Safari ya barua, kuanzia kwa mwenyekiti wa kitongoji hadi polisi wilaya, siisimulii. Wenye silaha mnaijua, na wasio nayo wataijua zamu yao ikifika. Nilipoishika mara ya kwanza nilijiona mwanaume kamili, na sioni haya kusema hivyo.

Miezi sita ya mwanzo nilifanya mazoezi kwa risasi za .38 Special. Bunduki ya .357 inazipokea bila shida (kinyume chake hakifai kabisa), zinapiga taratibu, bega halilalamiki, na mimi nilizipata kwa bei nafuu. Nilikuwa mzuri. Kwa hatua 60 nilikuwa naangusha makopo ya rangi moja baada ya jingine. Kisha siku moja nikaweka .357 zenyewe, nikapiga, nikashusha wenzo, ukagoma. Ganda limeng'ang'ania chemba. Nililazimisha mpaka kiganja kikawa chekundu.

Nikaipeleka kwa fundi. Simtaji jina, wala mji wake. Aliikoki mara tatu, akasema springi ya kurushia maganda ni kali mno, ndiyo inayofanya wenzo uwe mgumu. Ni kweli springi hizo huwa kali kwenye bunduki za aina hii. Akakata mizunguko miwili mbele ya macho yangu, akanirudishia, nikakoki, ikateleza kama siagi. Nikamlipa na kumshukuru. Bado inaniuma nikikumbuka nilivyomshukuru.

Mwezi wa Agosti fisi walikuja zizini. Wewe unayefuga kanda hii unajua Agosti ilivyo: upepo na vumbi, na usiku ule hakukuwa na mbalamwezi. Nilitoka na bunduki, shemeji yangu akatoka na tochi. Nikapiga ya kwanza kwenye kichuguu, kuwatisha tu. Wakatawanyika. Nikashusha wenzo niweke ya pili, na ganda, badala ya kuruka, likadondoka ndani na kulala kimshazari, maana springi iliyokatwa haikuwa na nguvu ya kulirusha. Wenzo haupandi wala haushuki. Nikabaki nimeshika chuma kisicho na kazi, na fisi wakarudi. Shemeji ndiye aliyewafukuza, kwa sime na makelele. Tulipoteza mbuzi wanne, mmoja ana mimba. Asubuhi nilikwenda kutoa taarifa kwa afisa wanyamapori, na njia nzima shemeji hakusema neno. Ingekuwa afadhali angenitukana.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja wa Manyoni aliyestaafu kazi ya ulinzi wa wanyamapori. Aliniambia niondoe risasi zote, akahakikisha mwenyewe kwa kidole, akamulika chemba. "Mwanangu, bunduki yako haikuwa na ugonjwa. Ilikuwa chafu." Ganda la .38 ni fupi kuliko la .357 kwa milimita tatu na ushee. Ukipiga .38 nyingi, masizi yanajenga pete ndani ya chemba, pale mdomo wa ganda unapoishia. Ukiweka .357, ganda refu linakaa juu ya pete ile, linavimba kwa msukumo wa gesi ya baruti, linakwama. Mzee alisugua kwa brashi ya shaba na kiyeyushio kwa robo saa, na ganda likawa linatoka kwa vidole viwili. Kumbe springi haikuwa na kosa lolote! Nililipa fedha zangu kuharibu kitu kizima.

Kwa hiyo safisha. Ukitoka kupiga .38, sugua chemba siku hiyohiyo. Na mafuta weka kidogo, kijana, kidogo sana. Dodoma na Singida kuanzia Mei mpaka Novemba hatuoni mvua ya maana, vumbi linaingia hata kwenye sanduku lililofungwa. Mafuta mengi yakichanganyika na vumbi hilo yanakuwa tope la msasa, nalo linakula chuma kila ukikoki. Futa mpaka uone kama hakuna kitu.

Halafu itumie. Mimi baada ya kufunga springi mpya nilikaa na magumashi, yaani zile risasi bandia za mazoezi, nikakoki mara 500 kwa wiki mbili, na vyuma vikazoeana vyenyewe. Wala usiubembeleze wenzo. Shusha mpaka mwisho, pandisha mpaka mwisho, kwa nguvu ileile. Wengi wanaolia bunduki imekwama wameishia njiani. Nilichosugua mimi ni kingo za kilango cha kupakilia tu, zilikuwa zinanichana kidole gumba. Triga na nyundo sijazigusa na sitazigusa. Hizo ni za fundi mwenye leseni, na hata yeye muulize maswali kabla hajashika tupa.

Tena safisha. Najua nimeshasema. Vijana mnataka kitu laini leo, mnataka picha ya leo, mnamwamini kila mwenye bisibisi. Chombo kinachoweza kuua mtu hakichezewi kwa pupa. Kaa nacho, kijue, kifungie kwenye kabati la chuma mbali na watoto, halafu ndipo useme kina kasoro. Na risasi za ncha kali usiweke kamwe kwenye magazini ya bomba: zinajipanga moja nyuma ya nyingine, ncha inagusa fataki, yaani kile kiwashio cha kitakoni, ya iliyo mbele yake, na mtikiso mmoja unatosha kuilipua.

Kuhusu swali lako la pili, la kupunguza mtutu inchi mbili: hapana. Silaha iliyoandikwa kwenye leseni yako ni hiyo ilivyo, na inchi 16 zinapita vichakani. Nimepita nazo mimi.