Umepata digrii kwa mitihani ya krediti? Kabla hujaomba uzamili, tafuta mwalimu anayekufahamu

Watanzania na Wakenya wa hapa Marekani, hasa sisi tunaokesha kwenye nyumba za wazee na kwenye maghala, huwa wananiuliza swali lilelile: "Hiyo digrii ya kufanyia mitihani, chuo cha maana kitaipokea ukitaka kuendelea?" Kitaipokea. Mimi nimeingia nayo kwenye uzamili wa afya ya jamii, na kwenye darasa letu hakuna aliyewahi kuniuliza krediti zangu nilizipataje. Ila kuna vitu viwili ambavyo njia hii haikupi, na wengi wanashtuka siku wanapofungua fomu ya maombi: GPA (wastani wa alama zako) yenye uzito, na mwalimu wa chuo anayekujua kiasi cha kukuandikia barua. Humo ndimo nitakamotumia muda mwingi leo.

Kwanza, kwa ambaye hajaisikia. Unafanya mtihani wa somo bila kukaa darasani, na ukifaulu unapata krediti, yaani vipimo vya masomo vinavyojumlishwa kufikia digrii. Mtihani unaojulikana zaidi ni CLEP, unaotolewa na College Board, haohao wenye SAT, mtihani wa kuombea chuo, na umekuwepo tangu 1967. Kuna masomo 34: sosholojia, saikolojia, historia ya Marekani, uchumi, baiolojia, aljebra na mengineyo. Unalipa chini ya dola 100, unaongeza ada ya kituo, unakaa mbele ya kompyuta kama dakika 90, na kwa mitihani mingi alama inatokea kwenye skrini kabla hujasimama. Alama zinaanzia 20 hadi 80, na American Council on Education, baraza la vyuo vya Marekani, inapendekeza vyuo vitoe krediti kuanzia 50 kwa mitihani mingi. Kuna taasisi inayoitwa Modern States ambayo ina kozi za bure mtandaoni, na ukimaliza kozi wanakulipia mtihani wenyewe. Mwingine ni DSST, uliozaliwa jeshini lakini siku hizi raia yeyote anaufanya.

Krediti hizo unazipeleka kwenye chuo kilichoundwa kwa ajili ya watu wazima: Thomas Edison State University kule Trenton, New Jersey, Charter Oak State College kule New Britain, Connecticut, au Excelsior University ya Albany, New York. Vyote vitatu vilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kazi yao kubwa ni kukusanya krediti za mtu kutoka huku na kule na kuzifikisha 120 zinazohitajika kwa shahada ya kwanza. Chuo chenyewe kinakudai kozi zake chache, ikiwemo ya kuhitimisha, halafu unavaa joho kama wengine.

Na Kiswahili chako nacho ni mtaji. Chuo cha New York University kina mtihani wa ujuzi wa lugha ambao Kiswahili kimo, na unaweza kukupa hadi krediti 16. Uliza kwanza chuo unachokwenda kama kinaupokea na kwa kiwango gani. Nimeona watu wakihangaika na Kihispania cha kuanzia sifuri huku lugha ya mama yao imelala bure.

Sasa yule shemeji yangu aliyecheka akauliza, "Kwa hiyo umenunua cheti?" nilimkumbusha kwamba kwetu mtahiniwa wa kujitegemea ni mtu wa kawaida kabisa. Nani hana ndugu aliyerisiti kidato cha nne, akasoma mwenyewe jioni baada ya kutoka dukani, akakaa chumba kimoja cha mtihani na watoto wa shule, akapata cheti kilekile? Hakuna mwajiri anayesema cheti chake ni nusu. Mtihani ukiwa halali na anayetoa cheti akiwa halali, mengine ni maneno ya barazani. Kinachotenganisha vyuo hivi na maduka ya vyeti ni ithibati, yaani uthibitisho wa ubora kutoka shirika linalokagua vyuo. Shirika la Middle States, wanaoipa ithibati Princeton, ndio wanaoipa Thomas Edison na Excelsior. Charter Oak inaipata kwa NECHE, shirika la ithibati wanaoipa Harvard. Usimwamini mtu, mimi nikiwemo: jina la chuo chochote litafute mwenyewe kwenye orodha ya Wizara ya Elimu ya Marekani au ya CHEA, baraza linalotambua mashirika ya ithibati, kabla hujatoa hata senti.

Tuje kwenye GPA. Transkripti (orodha rasmi ya kozi na alama) ya mtu wa mitihani ukiitazama haifanani na ya mtu mwingine. Yangu ina ukurasa mzima wa mistari ya namna hii: jina la mtihani, krediti tatu au sita, halafu CR. CR, CR, CR mpaka chini. Hakuna A wala B. CR maana yake umepata krediti, basi. Uwe ulipata 51 au 78, mstari ni uleule. GPA inatengenezwa na zile kozi chache tu zilizobeba alama za herufi, kwa hiyo kozi moja ukiilegeza inakuvuta chini, na kozi zote ukizifanya vizuri, kamati inatazama GPA ya 4.0 iliyojengwa juu ya vikozi viwili vitatu na kujiuliza inaambiwa nini.

Wanaoomba afya ya jamii wengi wanapitia SOPHAS, mfumo wa pamoja wa maombi mtandaoni, ambako unaingiza kozi zako zote mojamoja kwa mkono, na mitihani ina sehemu yake, mbali na kozi za kawaida. Hapo ndipo unapoona kwa macho jinsi rekodi yako ilivyo nyembamba. (Na kama ulianza chuo nyumbani hata mwaka mmoja ukaacha, nayo wanaitaka, ikiwa imepitishwa kwa watathmini wa vyeti vya nje kama WES. Anza kuifuatilia mapema, kwa sababu kutoa transkripti ofisi ya msajili ukiwa ng'ambo kunahitaji ndugu mwenye subira na nauli ya daladala.)

Dawa yake ni kuacha nafasi. Usijaze kwa mitihani krediti zote ambazo chuo kinakuruhusu. Bakiza kozi tatu au nne za ngazi ya juu, za fani unayotaka kuisomea uzamili, uzisome darasani au mtandaoni na mwalimu aliye hai, upate alama za herufi. Nilipomwandikia mratibu wa udahili wa programu niliyoitamani, alinijibu kwa ufupi: shahada itoke kwenye chuo chenye ithibati, na takwimu iwe na alama ya herufi, B au zaidi. DSST wana mtihani wa takwimu, na ungenipa krediti kwa bei ya chini sana. Lakini kwa programu ile usingenisaidia kitu. Nikaenda kusoma takwimu kwenye chuo cha jamii cha miaka miwili kilichokuwa jirani na kazini, kwa ada inayovumilika, na kozi hiyo ndiyo iliyonifanyia kazi kuliko mitihani yote.

Kazi yenyewe haikuwa alama peke yake. Mwalimu wa kozi ile ndiye aliyeniandikia barua.

Hapa nataka tuongee sisi kwa sisi. Wengi wetu tumelelewa kwamba mwalimu ni mtu mkubwa, humsumbui; unasikiliza, unaandika, unasema "asante mwalimu" unaondoka. Hapa ukifanya hivyo unamaliza kozi na A yako na mwalimu hakujui. Ukimwomba barua atakuandikia mistari mitatu: alikuwa mwanafunzi wangu, alipata A, nakutakieni mema. Barua hiyo ni afadhali usiwe nayo. Saa za ofisi zinazoandikwa kwenye muhtasari wa kozi ni za mwanafunzi, zimetengwa kwa ajili yako, na mara nyingi mwalimu anakaa peke yake akisahihisha kazi huku anasubiri mtu abishe hodi. Mimi nilikuwa nakwenda nikitoka shifti ya usiku, bado nimevaa skrabu, macho mekundu. Sikwenda kupiga soga. Nilikwenda na swali moja lililoandikwa, linalotokana na kazi ya wiki ile na linalogusa kazi yangu: kwa mfano, kama wazee wanaoanguka sana ni wale wanaotumia dawa za usingizi, nitajuaje kama ni dawa inayowaangusha au ni kule kukosa usingizi kulikowafanya wapewe dawa? Mwalimu aliweka kalamu chini. Tukaanza kuchora mishale ubaoni. Barua aliyoniandikia baadaye sijaisoma, kwa sababu nilisaini kuachia haki ya kuiona (nawe fanya hivyo, kamati inaiamini zaidi barua ambayo muombaji hawezi kuichungulia), lakini kwenye usaili waliniuliza habari za wazee na dawa za usingizi.

Omba barua kozi ikiwa bado ya moto, usingoje mwaka upite. Mpe mwalimu vitu vyote kwenye bahasha moja au barua pepe moja: wasifu wako, rasimu ya maelezo yako, kazi bora uliyomwandikia yenye maoni yake, jina la programu na tarehe ya mwisho. Mpe wiki nne. Barua ya pili inaweza kutoka kwa aliyekuongoza kwenye kozi ya kuhitimisha, na ya tatu kazini, kwa msimamizi aliyekuona ukifanya jambo, mtu anayeweza kutoa mfano. Mchungaji na shehe wako ni watu wema, ila barua zao zitumie kwingine.

Kwenye maelezo binafsi, mitihani ipewe sentensi moja. Nimesoma rasimu za vijana wengi zinazotumia ukurasa mzima kujitetea: kwa nini hawakukaa chuoni, jinsi mitihani ilivyo migumu, jinsi walivyoamka alfajiri. Msomaji hakuuliza. Inatosha kuandika kitu kama: "Nilimaliza shahada ya kwanza nikiwa nafanya kazi muda wote, sehemu kubwa kwa mitihani ya krediti, na kozi za juu za fani hii nilizisoma darasani." Halafu ingia kwenye unachotaka kukichunguza na kwa nini ukichunguzie kwao.

GRE, mtihani wa kuombea uzamili, siku hizi programu nyingi zimeiacha. Kwa mtu mwenye GPA nyembamba, hata pale isipolazimishwa, alama nzuri inaweza kuziba pengo, ilimradi programu inakubali kuipokea. Tangu Septemba 2023 mtihani umefupishwa, hauzidi saa mbili, na alama zinadumu miaka mitano. Aliyezoea kujisomea na kukaa mitihani kwenye kompyuta hapaswi kuuogopa.

Kuna pia mlango wa pembeni ambao naupenda sana kwa watu wetu: kuanza masomo kabla ya kudahiliwa. Vyuo vingi vinaruhusu mwenye shahada ya kwanza kusoma kozi moja au mbili za uzamili bila kuwa ndani ya programu. Ukipata A humo, swali la kama unaweza masomo ya uzamili umeshalijibu, na umempata mwalimu wa kukuandikia. Harvard Extension School wanadahili kwa namna hiyo: unasoma kwanza kozi zao, unafikia alama waliyoweka, ndipo unaomba. University of Colorado Boulder wana shahada za uzamili za sayansi ya data na sayansi ya kompyuta kupitia Coursera ambazo unaingia kwa kufaulu kozi za mwanzo, na hawakuombi transkripti ya zamani kabisa.

Si kila fani inafaa. Anayetaka udaktari ajue kwamba shule nyingi za tiba zinataka baiolojia na kemia zenye maabara na alama za herufi, na mtihani wa CLEP hauna maabara. Kwa sheria, LSAC, baraza linaloshughulikia maombi ya shule za sheria, wanapiga GPA yao wenyewe na krediti zisizo na herufi hazihesabiwi, hivyo uzito mkubwa utaangukia LSAT, mtihani wa kuingilia shule hizo. Na ndugu zangu mlio kwenye viza ya F-1, ya wanafunzi, tafadhali: hali yenu inadai muwe mmeandikishwa darasani muda wote, na kujisomea CLEP nyumbani hakuhesabiki. Njia hii inawafaa zaidi wenye grini kadi, uraia, au hadhi nyingine isiyowafunga kwenye darasa. Ongea na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kabla hujapunguza hata kozi moja.

Anayefikiria kurudi nyumbani akaombe kazi au uzamili Tanzania atapita TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), ambao ndio wanaotambua shahada za nje. Atunze barua ya udahili, transkripti iliyofungwa, na muhtasari wa kila kozi aliyoisoma. Uzamili wenyewe ukiupata Marekani, shahada ya kwanza bado itaombwa.

Kabla hujalipa ada ya maombi, mwandikie mratibu wa udahili barua pepe ya mistari mitano. Taja chuo na ithibati yake, eleza kwamba sehemu kubwa ya krediti ni za mitihani, uliza kozi zipi lazima ziwe na alama ya herufi, na uliza kama wanapokea barua ya msimamizi wa kazi. Iandike Jumanne au Jumatano asubuhi, weka jina la programu kwenye kichwa cha barua, na jibu ukilipata lihifadhi: ukija kuomba mwaka unaofuata na mratibu amebadilika, utakuwa na maandishi mkononi.