Kambi ya kwanza ya skauti: ipo mpaka leo

Ndugu yangu, umeuliza kama kambi ya kwanza ya skauti bado ipo. Ipo, kisiwani Brownsea, kusini mwa Uingereza. Agosti 1907 Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alipeleka huko wavulana wapatao 20, watoto wa matajiri na watoto wa vibarua wakichanganywa kikosi kimoja. Hilo ndilo linalonigusa zaidi. Kila asubuhi aliwaamsha kwa kupuliza pembe ya tandala aliyorudi nayo kutoka vita vya Matabele, katika Zimbabwe ya leo. Miaka ya 1930 mwenye kisiwa alikataza watu kuingia, kikafunguliwa tena 1963, na hadi sasa skauti hupiga hema pale. Baden-Powell mwenyewe amezikwa hapa kwetu Nyeri, Kenya, tangu 1941.