Fedha za korosho zimeenda jandoni, binti yangu hana godoro

Shikamoo Somo. Mimi ni Mngoni wa Songea, nimeolewa na Mmakonde huku Tandahimba, mwaka wa 13 sasa. Tuna watoto watatu. Mkubwa ni wa kike, amefaulu darasa la saba na amepangiwa shule ya bweni. Mwezi uliopita malipo ya korosho yaliingia na mume wangu hakuniambia. Nikaja kusikia kwa jirani kwamba ametoa shilingi 600,000 kwa ajili ya mtoto wa dada yake aliyekuwa jandoni. Nilipomuuliza akajibu, "Yule mpwa wangu, nisipomtoa mimi atamtoa nani?" Binti yangu fomu ya shule inataka godoro, tranka, sare na ndoo, na mpaka leo hakuna hata kimoja.

Tangu siku hiyo nimekuwa namchunguza. Dada yake akipiga simu anatoka nje kuongea. Paa la dada yake likivuja anapanda mwenyewe, letu anaita fundi. Maji analeta, hilo sikatai, kila alfajiri anateremka bondeni na baiskeli anarudi na madumu manne. Na wifi si mtu mbaya, mwaka ule malipo ya korosho yalipochelewa yeye ndiye aliyetulisha makopa, muhogo mkavu. Lakini nimeshajua mimi na wanangu tuko nafasi ya ngapi. Nina akiba yangu kwenye kikoba, haijui. Nilitaka kuchota korosho zilizobaki niwauzie watu wa kangomba, wale wanaonunua kwa magendo, ninunue godoro. Wengine wananiambia niende ustawi wa jamii, wengine nirudi kwetu. Nishauri.
Mama wa Watatu, Tandahimba

Marahaba mwanangu, na pole sana. Katika barua yako yote, kilichonikaa moyoni kuliko zile laki sita ni kwamba ulisikia kwa jirani. Mke kupata habari za fedha za nyumbani kwake kutoka ng'ambo ya uzio kunauma, na hapo mumeo amekukosea. Nalisema mapema kwa sababu mbele nitamtetea kidogo, na sitaki udhani nimelisahau.

Wewe umetoka kwa watu ambao mtoto ni wa ukoo wa baba yake. Umeolewa kwa watu ambao tangu zamani ukoo unahesabiwa kwa mama. Kwa Wamakonde, na vivyo hivyo kwa Wamwera, Wayao na Wamakua, mjomba ndiye anayeulizwa mtoto akiugua, akiposwa, akikosa adabu, na akiingia jandoni. Mpwa akitoka jandoni kinyonge, anayesemwa kijijini ni mjomba. Baba mtu hatajwi sana. Mambo yamebadilika, najua. Dini, shule na serikali vimempa baba nguvu ambayo babu zetu huku hawakuwa nayo, na nyumba nyingi siku hizi zinagawa kwa namna nyingine. Lakini mumeo amelelewa ndani ya hayo. Alipokuuliza "atamtoa nani" hakuwa anakukejeli. Kwake swali lile halina jibu jingine.

Sasa nisikilize vizuri. Utaratibu ule haukuwekwa ili watoto wa mtu wakose. Ulikuwa unazunguka. Mumeo anatoa kwa watoto wa dada yake, na wewe, kama ungekuwa binti wa Mahuta au Kitangari, kaka yako angekuwa anatoa kwa watoto wako. Godoro la binti yako lingekuwa limeshaulizwa na mjomba wake kabla hata majina hayajatoka. Kaka zako wako Songea. Kwa mila yao mtoto anatunzwa na baba yake, kwa hiyo wamekaa kimya kwa heshima, shemeji yupo. Mumeo naye anatoa upande wa dada yake akiamini, pengine bila hata kulifikiria, kwamba upande wako kuna mtu. Hakuna mtu. Wanao wameangukia katikati ya mila mbili, kila moja ikidhani nyingine imewashika.

Nimeliona hili katika ndoa nyingi za watu waliokutana kutoka mbali, na kwetu zimezidi, maana korosho, bandari na gesi vimetuletea watu wa kila mkoa. Mke analia hapendwi, mume anashangaa kosa lake ni nini. Kumbe kuna nafasi moja iko wazi na hakuna aliyeiona.

Umesema umemchunguza. Sikulaumu, mtu tunamjua kwa mambo yake ya kila siku zaidi ya maneno yake. Ila ulianza kuchunguza ukiwa umeshaumia, na mtu aliyeumia huokota ushahidi wa upande mmoja. Chukua hilo la paa. Kwa dada yake anapanda mwenyewe, kwako analipa fundi. Wewe umeona anamjali dada. Mwingine angesema nyumba yako ndiyo inayotolewa fedha, dada anapewa jasho tu. Mimi siko hapo, wewe ndiye unayejua. Nataka tu ujue kwamba jambo lile lile lina pande mbili.

Lakini maji, mwanangu. Umeyaandika kwa sentensi moja, ukaweka "hilo sikatai", ukapita. Mimi nimeshindwa kupita. Anayeishi juu ya uwanda wa Makonde ndiye anayejua madumu manne ni kitu gani. Huko juu mchanga unameza mvua, maji yako mabondeni. Kuteremka na madumu matupu mtu yeyote ataweza. Kurudi ni kilo 80 za maji juu ya baiskeli, na mwenye baiskeli hapandi, anasukuma. Mkono mmoja uko kwenye usukani, mwingine kwenye keria, mpira wa kufungia umekazwa mpaka dumu linabonyea, na kwenye kona yenye mchanga baiskeli inataka kurudi chini pamoja naye. Kazi hiyo nyumba nyingi huku wameachiwa wanawake na mabinti, ndoo kichwani. Wewe katika barua nzima hujaniambia umebeba ndoo. Na binti yako, alfajiri ambazo wenzake walikuwa bondeni, yeye alikuwa anajiandaa kwenda shule. Sisemi ndiyo sababu alifaulu. Nasema mtu aliyefanya hivyo miaka yote, hakuna anayemwona, hakuna anayempigia makofi, sitakubali haraka kwamba amewaweka nafasi ya mwisho.

Fedha za msimu zinakuja mara moja, macho ya kijiji yote yakiwa wazi. Siku hiyo mtu hutoa pale anapoogopa aibu. Ndiyo maana mimi nikitaka kujua mtu anathamini nini, naanza na kile anachokifanya kila siku bila kuambiwa asante, kisha ndiyo nije kwenye fedha. Na kwenye fedha nakuja kweli, maana huko shuleni mtoto hatalalia madumu.

Halafu kuna wifi yako. Mwaka ule unaousema hakuna aliyeusahau huku kusini. Ni msimu wa 2018, serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wanajeshi wakazisomba, na malipo yakawachelewa wakulima wengi. Nyumba zilikula kwa kukopa. Wifi yako alikuwa na makopa akagawa, na mumeo hakusahau. Deni la namna hiyo haliandikwi popote, na mwanaume akiipata nafasi ya kulilipa hutoa kupita uwezo wake. Huenda sehemu ya zile laki sita ilikuwa makopa uliyokula wewe na wanao.

Hata hivyo laki sita ni nyingi, na hili ningemwambia yeye mwenyewe angekuja kwangu. Mimi ni mtu wa unyago, nimefunda mabinti wengi, sitaisema vibaya mila iliyonilea. Kumfunda mtoto hakugharimu fedha hizo. Kinachozila ni muziki wa kukodi, sare za ukoo, na kulishana siku ya kutoka kwa kushindana na fulani aliyemtoa wake mwaka jana. Mjomba anaweza kumtoa mpwa wake kwa heshima kamili kwa theluthi ya hizo, na wazee wakaridhika.

Tuje kwenye la kufanya. Kangomba hapana. Ni biashara iliyokatazwa, vipimo vyao si mizani, bei yao ni ya kumla mtu mwenye shida, na utakuwa umefanya lile lile unalomlaumu nalo mwenzio, kuchukua cha wote kimyakimya. Songea usiende kwa hasira. Utaenda kwa salamu. Ustawi wa jamii ni haki yako, ofisi zao ziko halmashauri, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mzazi amtunze na kumsomesha mtoto wake. Ada kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa tangu 2016, lakini godoro na sare vimebaki kwa mzazi, na hakuna mila inayomwondolea mumeo mzigo huo. Nenda huko ukizungumza naye akakataa katakata. Akiinua mkono, nenda siku hiyo hiyo, usisubiri kuniandikia.

Nina matumaini hutafika huko. Zungumza naye, lakini si usiku mkiwa mmechoka wote. Ngoja ashushe madumu, anywe chai. Usianze na dada yake, ukianza naye mmeshamaliza mazungumzo. Mwite kwa jina la mwanawe kama unavyomwita siku zote, kisha mwambie: "Mpwa wako ametoka salama, amependeza. Huyu wetu anaondoka Januari na mjomba wake yuko mbali. Kwa mila ya kwenu, mtoto ambaye mjomba wake hayupo ananunuliwa godoro na nani?" Kisha nyamaza. Usimsaidie kujibu. Umemuuliza swali lililo ndani ya mila yake mwenyewe, na mwanaume wa Kimakonde aliyelelewa vizuri hawezi kulipita kama alivyopita la kwanza. Hapo hapo mwambie kuhusu jirani. Mwambie ulivyojisikia. Nadhani hajui.

Akijibu "kaka yako", usikasirike, amekupa mlango. Mpigie kaka yako mbele yake, simu ikiwa wazi wote msikie. Mweleze kaka kwamba huku ulikoolewa mjomba ana kazi. Akituma elfu ishirini ya ndoo na mashuka, inatosha kabisa. Kinachotakiwa ni kaka ajulikane yupo. Barabara ya Tunduru siku hizi ni ya lami, mwalikeni aje siku moja akae na shemeji yake waongee wenyewe.

Kwa wifi nenda wewe, kwa miguu yako. Mchukulie khanga au kilo mbili za mchele, mpongeze mwanawe, kaa, msukane nywele mkipenda. Katika maongezi mwambie binti anaondoka tarehe gani. Usimwombe kitu. Yeye ni shangazi wa huyo mtoto, na aliyegawa makopa mwaka wa shida hahitaji kuombwa. Tena katika ukoo kama ule, neno la dada kwa kaka yake lina uzito kushinda langu na lako. Huenda siku mbili baadaye ukamsikia mumeo anazungumzia godoro kana kwamba amelifikiria mwenyewe. Mwache aseme hivyo.

Korosho zilizobaki ziende chama cha msingi cha ushirika kama kawaida. Mkubaliane kabla ya mnada kwamba malipo ya mzigo huo ni ya shule, na ujumbe wa benki ukiingia akuonyeshe. Mwakani hesabu zote, jando, shule, paa, mzikalie siku mnaponunua salfa ya kupulizia, mikorosho ndiyo kwanza inachanua. Wakati huo hakuna fedha ya kugombania na hakuna ndugu aliyeshasikia bei.

Kuhusu kikoba, wako watakaokuambia usimwambie mumeo hata siku moja. Mwanamke kuwa na chake si kosa, na Sheria ya Ndoa ya 1971 inakuruhusu. Kosa lenu halilingani pia: yeye alificha fedha za nyumba nzima, wewe umeficha jasho lako. Lakini unayemtaka mwenzio awe wazi, fungua kidogo na wewe. Mwambie uko kwenye kikoba. Kiasi si lazima.

Na siku zinakimbia. Ikifika wiki ya mwisho kabla shule haijafunguliwa na bado hakuna kilichonunuliwa, toa kwenye kikoba ununue godoro, mtoto aripoti siku moja na wenzake. Jioni hiyo hiyo mwambie mumeo umenunua kwa shilingi ngapi na fedha zimetoka wapi. Tranka na sare mwachie yeye, na umtajie tarehe.